Misheni Fupi ya VaLoy Tolman

Mbwa hakuingia kanisani. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalosemwa zaidi, kuanzia hapa Sage Fork mpaka ng'ambo ya ziwa. Mbwa alifika kwenye ukumbi wa nyuma, ule wenye mistari ya mpira wa kikapu sakafuni na pete mbili ukutani, na kila aliyelelewa katika kanisa letu anajua kwamba pale hupigwa mpira Jumatano na huliwa viazi Jumamosi. Viti vya ziada vilikuwa vimepangwa pale siku hiyo, sikatai, na ukuta wa kukunja ulikuwa umefunguliwa. Lakini mbwa alilala chini ya pete. Kipande cha mkate alichokula kilitoka mfukoni mwa mtoto wa watu, si kwenye sinia la sakramenti.

Wala shemeji yangu hakumteka mwanangu na kumficha mlimani ili asiende misheni. Wala mwanangu hakunywa kahawa, ambayo kanisa letu limeikataza. Kuna pia habari ya suruali, nayo nitaifikia.

Nimefundisha historia katika sekondari ya kaunti yetu kwa miaka mingi, nina shahada mbili, na nimewarudishia wanafunzi insha nyingi kwa kosa la kuandika jambo bila kutaja walikolitoa. Chanzo cha porojo hizi nakijua. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, anaitwa LaRue Hatch, na kila Agosti nampelekea mkate wa zukini, yale maboga madogo ya kijani, bila kinyongo chochote.

Ukoo wa Tolman unatayarisha kitabu, na kila mtu ametakiwa aandike maisha yake. VaLoy alipoombwa, aliniletea kipande cha karatasi ngumu alichokirarua kwenye kasha la chumvi ya kondoo. Kilikuwa na maneno haya: Nilizaliwa. Nafuga kondoo.

"Shemeji, ndiyo yote?" nikamwuliza.

"Ukiongeza kitu itakuwa majivuno."

Basi naongeza mimi, na majivuno yahesabiwe kwangu.

VaLoy ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, Lorin. Ni mrefu, masikio yake huungua jua hata akivaa kofia, na ana kawaida ya kumsemesha mbwa kabla ya kuwasemesha watu. Mbwa anaitwa Shemasi. Wapo wanaosema jina hilo ni dharau kwa kanisa. VaLoy anasema alimpa kwa sababu alipokuwa mdogo hakuweza kutulia mahali pamoja na alikula kila kilichokuwa mbele yake, na yeyote aliyewahi kufundisha darasa la mashemasi wetu, ambao wana miaka kumi na miwili, hatabishana naye.

Alipokuwa na miaka kumi na tisa, VaLoy aliitwa kwenda misheni Uholanzi, ile miaka miwili ya kuhubiri ambayo vijana wetu huitoa kwa kanisa. Mama yake alimpeleka mji wa Logan wakanunua suti ya rangi ya kahawia, yenye kola pana kama mabawa ya bata. Suti ikiwa bado kwenye mfuko wake, baba yao akaanguka kutoka juu ya lundo la nyasi kavu akavunjika mgongo. VaLoy akasema ataenda kondoo wakishakatwa sufu. Sufu ikakatwa, ukaja msimu wa kuzaa. Wana-kondoo wakazaliwa, ikaja kazi ya nyasi. Mwisho Lorin naye akafikisha umri, na VaLoy akampa suti. Lorin alitumikia Ufini miaka miwili mizima akiwa amekunja mikono ya koti, kwa maana alikuwa mfupi, na aliporudi hakukubali niitupe.

Sasa, kwetu sisi, wanaume wawili wakikutana, wakimaliza kuulizana habari za maji na nyasi, huulizana: "Ulitumikia wapi?" Ni swali la kirafiki. Huyu atasema Brazili, yule Ohio, na hapo watapata la kuzungumza mpaka chakula kipoe. VaLoy alikuwa akijibu, "Wyoming, kwa kondoo," na watu wakicheka, naye akicheka. Lakini mlangoni mwa kanisa letu husimama Ndugu Delmont Hatch, mume wa LaRue, kazi yake kusalimia, naye hushika mkono wa mtu asiuachie mpaka ajibiwe. Jumapili moja alimshika VaLoy akamwuliza, kama alivyomwuliza wiki iliyotangulia na wiki ya kabla yake. VaLoy akautoa mkono wake taratibu, akarudi kwenye gari. Hakutukana mtu. Kesho yake alinunua birika la kahawa, kama mtu aliyehama na sasa anabadilisha anwani.

Tangu hapo hakuvuka tena ule mlango. Lakini asidhani mtu kwamba hakuwepo. Corwin, mwanangu, alipobatizwa, VaLoy alikuwa nje ndani ya gari lake. Tulipomzika Lorin, alikuwa nje ndani ya gari lake mpaka jeneza lilipotoka, ndipo akashuka akalibeba. Pale alipoegesha, chini ya ile miti ya mipopla, hakuna mwingine aliyethubutu kuegesha. Binti yangu Maren alikuwa akisema, "Mama, baba mkubwa ni muumini wa maegesho." Na tangu Lorin afariki, Corwin akiwa na miaka minane, hakuna asubuhi ambayo gari lile halikuingia uani kwetu kabla sijawasha jiko.

Mwaka jana Corwin naye akaitwa. Wito ukafunguliwa jikoni kwangu, nyumba imejaa, ramani ya dunia ukutani, na kila mtu alikuwa amechomeka pini mahali alipobahatisha. Maren alichomeka Japani. Mimi Ufini, kwa kumbukumbu. VaLoy, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi, alichomeka Wyoming. Ikasomwa: Peru.

"Peru wana kondoo," VaLoy akasema. Kwake hiyo ilikuwa baraka kamili.

Kwa desturi yetu, Jumapili ya mwisho kabla ya safari kijana huhutubia mbele ya kata nzima, yaani waumini wote wa kanisa letu, jamaa zake wakiwa wamejaa mabenchi ya mbele. Corwin alikuwa na haja moja tu. Alimfuata VaLoy zizini, nami nilikuwa pale naokota mayai.

"Baba mkubwa, siku ya hotuba yangu nataka ukae nasi. Benchi la pili."

"Nitakuwa pale pale ninapokuwaga."

"Kwenye gari?"

"Gari lina joto. Nitashusha kioo."

"Hutasikia kitu."

"Wewe una sauti ya baba yako. Watakusikia hata walioko Utah."

Corwin hakucheka. Usiku huo mezani alisukuma sahani yake akaniambia, "Mama, asipoingia, mimi sihutubii."

"Usinitishe. Mimi si kondoo."

"Sikutishi. Nakwenda miaka miwili. Yeye ana sitini na mitano, na moyo wake ni mgonjwa kama ule uliomuua baba. Sitaki picha yangu ya mwisho iwe ni yeye nyuma ya kioo cha gari."

Nilimwambia ale viazi.

Hapo ndipo likatokea jambo ambalo limeipa kata nzima kazi ya kusema. Mtu wetu anapokwenda misheni, rais wa kigingi, yule aliye juu ya maaskofu wa bonde hili, humwekea mikono kichwani, na kuanzia dakika hiyo si kijana tena wa mtu. Ni mmisionari. Haendeshi gari. Haangalii filamu. Haitwi jina lake, anaitwa Mzee, hata kama ndevu ni sita. Na kubwa kuliko yote, hawi peke yake: ni lazima awe na mwenza, wasipoteane macho. Kwa sababu hiyo mikono huwekwa jioni ya kuamkia safari, ili nyumba isipate taabu. Sisi safari ilikuwa Jumatatu. Lakini binti wa rais wetu alishikwa na uchungu wa mapacha huko Arizona kabla ya wakati wake, na rais, akihofia kwamba hatawahi kurudi, akatuita Alhamisi akamwekea Corwin mikono, akakimbilia uwanja wa ndege. Hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo. Tulifika nyumbani tukiwa na mmisionari kamili na siku za ziada.

"Kwa hiyo Mzee haoshi vyombo?" Maren akauliza.

"Mzee anaosha vyombo," nikasema.

Corwin ni mtu wa kanuni. Alipokuwa mdogo alikuwa akisimama na baiskeli kwenye alama ya kusimama, barabara isiyo na gari hata moja. Akakausha mikono akasema, "Nahitaji mwenza."

"Nipo mimi."

"Wewe ni mwanamke, Mama."

"Ahsante kwa taarifa."

Simu ikalia. Alikuwa LaRue. Sijui alipataje habari, sisi tulikuwa bado hatujavua makoti. "Mpenzi," akaniambia, "Delmont yuko tayari kukaa na kijana wako. Atakuja na mto wake."

Nikaziba simu kwa kiganja. Corwin alitikisa kichwa kwa nguvu. "Namtaka baba mkubwa."

VaLoy alikuwa mlangoni, amekuja kuaga kwa sababu asubuhi alikuwa akipanda mlimani kushusha kondoo kabla ya theluji. "Mimi?" akasema. "Mimi nanuka kondoo na kahawa."

"Kanuni haisemi kitu juu ya kondoo."

"Na kahawa?"

"Kahawa inasema."

VaLoy akamtazama Shemasi, Shemasi akamtazama VaLoy. "Mpaka Jumatatu tu?"

"Mpaka Jumatatu tu."

"Nitapata mkono wa pili wa kuswaga," VaLoy akamwambia mbwa. Kisha akanigeukia. "Shemeji, haruhusiwi kuendesha gari. Kuna aliyetaja farasi?"

Nilimpigia rais ili jambo liwe wazi. Alikuwa kwenye ujia wa hospitali, nyuma yake watoto wanalia. "Dada Tolman," akasema, "wasipoteane tu." Hiyo ni ruhusa. Ndiyo maana nasema hakuna aliyetekwa.

Yaliyotokea mlimani nimeyapata kwa watu watatu waliokuwepo, nao wanakubaliana. VaLoy aliamua kwamba kama ni mwenza basi ni mwenza, akaliacha birika nyumbani. Kabla jua halijapanda vizuri kichwa kilikuwa kikimpasuka. Alikuwa ameshagombana na farasi, na lango, na wingu. Corwin alikuwa nyuma yake, anasoma maandiko kwa sauti juu ya tandiko.

"Soma kimoyomoyo," VaLoy akamwambia.

"Wenza husoma pamoja."

"Basi soma mahali ambapo watu wote wanakufa."

Kule juu mchunga kondoo wetu ni Eleuterio Huamán, mtu wa Peru, anayekaa na kondoo majira yote ya joto katika kibanda cha magurudumu. Ndio mlango pekee katika mlima mzima. Corwin alimshusha VaLoy kwenye farasi, akamsimamisha kando yake, akabisha hodi, akaanza kwa Kihispania alichojifunza shuleni: sisi ni wamisionari, tuna ujumbe.

"Wewe ni Corwin," Eleuterio akasema. "Juzi uliniletea betri."

"Jifanye hunijui."

"Haya. Wewe nani? Na huyu?"

"Ni mwenzangu."

"Huyu ni bosi wangu."

"Mpaka Jumatatu ni mwenzangu."

Eleuterio akamtazama VaLoy kwa huruma. "Bosi, umepatwa na nini?"

"Kichwa. Mwache aseme, alipe deni lake tushushe kondoo."

Corwin alisema yote aliyokuwa nayo. Eleuterio, ambaye ni Mkatoliki na hana mpango wa kubadilika, alisikiliza mpaka mwisho, akamwambia anaongea kama redio yenye betri chakavu, lakini kwao watamwelewa kwa kuwa ana uso mzuri. Kisha Corwin akasema, "Sasa mwenzangu atasema anachoamini." Ndivyo wanavyofanya, wanapokezana.

VaLoy alilitazama lile wingu. Shemasi akakaa chini.

"Naamini theluji iko njiani," akasema hatimaye. "Na naamini huyu mtoto ni mwema."

"Amina," Eleuterio akasema, akawamiminia supu.

Theluji ilikuja Jumamosi kama alivyoamini, ikawachelewesha. Kondoo waliingia zizini kwangu asubuhi ya Jumapili, mkutano ukiwa karibu kuanza. Corwin alibadilisha nguo kwenye banda, VaLoy akampakia garini, wakavuka barabara, maana nyumba yangu na kanisa vinatazamana. Mimi nilikuwa benchi la pili na Maren, na madirisha ya kanisa letu ni makubwa. Niliona gari likisimama chini ya mipopla. Sikuona mtu akishuka.

Wimbo wa kwanza ukaimbwa. Askofu Lindgren, muuza matairi, mtu mpole, alinitazama kutoka jukwaani, akatazama dirishani, akanitazama tena. Kata nzima ikafuata macho yake. Nikasimama, nikatoka kwa mwendo wa kawaida.

Corwin alikuwa ameketi kiti cha abiria, suti mpya, beji kifuani, mikono amekunja. VaLoy alikuwa nyuma ya usukani.

"Corwin, ingia ndani."

"Mzee Tolman, Mama."

"Mzee Tolman, ingia ndani kabla sijakuvuta sikio."

"Siwezi kumwacha mwenzangu."

"Nimemwambia aende," VaLoy akasema kupitia kioo. "Kutoka hapa namwona mpaka mlangoni."

"Na nikishapita mlango?" Corwin akasema.

"Nitaliona paa."

"Paa si mimi."

"Una kichwa kigumu kama babu yako."

"Na wewe je?"

Nilielewa wakati huo kwamba ile habari yote ya kanuni na mwenza ilikuwa imeelekezwa hapa tangu Alhamisi. Maren, aliyekuwa amenifuata, aliniambia baadaye, "Mama, kwani wewe ulidhani ni bahati?" Sikudhani chochote. Nilikuwa nikiosha vyombo.

VaLoy alishusha kioo chote. Uso wake haukuwa na mzaha tena. "Shemeji, mwambie. Angalia nilivyo. Siwezi kukaa mbele ya watu hivi. Sina hata suti."

"Unayo," nikasema. "Ipo kabatini kwangu."

Injini ilikuwa bado inanguruma, akaizima.

"Ile ya kahawia?"

"Ileile."

"Lorin hakuitupa?"

"Lorin aliitunza kuliko alivyolitunza gari."

Maren alikuwa ameshavuka barabara. Alirudi na suti kwenye mfuko, shati la marehemu na tai. VaLoy alivaa kati ya gari na mipopla, Corwin na mimi tumeshika blanketi la farasi kama pazia, mimi nimegeuka upande wa pili kama inavyopasa. Koti lilimkaa mabegani kana kwamba fundi alimpima jana. Suruali ilikataa. Alipoijaribu mara ya mwisho alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa. Corwin akakata kamba ya robota la nyasi nyuma ya gari, akaifunga pale ambapo kifungo na tundu lake vilikuwa vimetengana.

"Itashika?" VaLoy akauliza.

"Inashika robota zima la nyasi."

"Mimi si robota."

"Usivute pumzi sana tu," Maren akasema.

Tukaingia. Milango ya ndani hufungwa wakati sakramenti inapitishwa, kwa hiyo tulisimama kwenye sebule ya kanisa, nje ya milango hiyo, tukingoja. Na nani alikuwa amesimama pale, mkono ameshanyoosha? Delmont Hatch. LaRue anasema nilimtazama mumewe kwa chuki. Nilimtazama kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyeshika jiwe karibu na dirisha.

Alimshika VaLoy mkono. Naamini kwa dhati kwamba hakukusudia. Alikuwa amesema maneno hayo kwa watu wengi kwa miaka mingi hata mdomo ulijiendea wenyewe. "VaLoy," akasema, "karibu, karibu. Ulitumikia…" Akayasikia maneno yake mwenyewe. Akanyamaza, mdomo wazi, mkono wa VaLoy bado mkononi mwake.

Corwin akapiga hatua mbele. VaLoy akamzuia kwa kiwiko.

"Kaunti hii hii," VaLoy akasema. "Upande wa juu. Mwenzangu ni huyu hapa. Mlango tuliobisha ni mmoja, na tulipewa supu."

Delmont aliuangalia ule uso, akaiangalia suti, nami niliona kwamba aliikumbuka. Yeye na VaLoy waliitwa mwaka mmoja. "Supu?" akasema polepole. "Mimi Oklahoma, miaka miwili, hakuna aliyenipa hata maji. Walinipa mbwa."

"Walikupa mbwa?"

"Walimwachilia anikimbize."

VaLoy akaanza kucheka, Delmont naye akaanza, wazee wawili wanashikana mikono wanatikisika, huku ndani watu wanapokea sakramenti kwa utulivu. Ilibidi niwakemee wote wawili. Na kwa kuwa Delmont alikuwa hana mkono wa kushika mlango wa nje, Shemasi, aliyetufuata kutoka garini, akapita. Ndivyo mbwa alivyofika kwenye ukumbi wa nyuma. Anayetaka kulaumu mtu amlaumu mlinda mlango, ambaye mke wake amesahau kumtaja.

Milango ilipofunguliwa, askofu akampungia Corwin apande jukwaani. Corwin akapanda. VaLoy akaelekea benchi la pili.

"Baba mkubwa," Corwin akasema, na sauti ya baba yake ni ile isiyojua kunong'ona, "wasipoteane."

Kwa hiyo VaLoy Tolman, ambaye hakuwa amevuka mlango ule tangu kabla Corwin hajazaliwa, alipanda jukwaani akaketi kati ya mwanangu na askofu, mbele ya kata nzima, katika suti aliyonunuliwa kwa ajili ya Uholanzi. Alikaa wima, mikono juu ya magoti, na ninajua kwa nini alikaa wima, lakini walioko chini waliona mtu mwenye heshima zake. Na mimi pia niliona hivyo.

Corwin alihutubia. Hotuba nilikuwa nimeisahihisha mwenyewe, kurasa nne, ina aya za maandiko. Hakuifungua. Alisema kwamba watu wamekuwa wakimwuliza alijifunza wapi kutumika, na kwamba jibu ni uani kwao, kila asubuhi, kabla jiko halijawashwa. Akasema hayo na machache mengine, akaketi. Ningependa angetumia kurasa zangu walau mbili, lakini sikuona mtu aliyelala.

Kisha askofu akainuka. Mtu mpole, kama nilivyosema, lakini wauza matairi wana ujasiri wao. "Sala ya kufunga," akasema, "itatolewa na mwenza wa Mzee Tolman."

VaLoy alimtazama kama alivyolitazama lile wingu. Kisha akasimama. Akaja kwenye kipaza sauti, akakunja mikono kifuani kama tulivyofundishwa tangu utotoni. Watu wakainamisha vichwa. Akavuta pumzi, na mimi nilimsikia Maren akisema "Usi…"

"Baba," VaLoy akasema, "huyu mtoto mtazame vizuri, mimi sitamwona kwa muda. Amina."

Hiyo ndiyo sala. Baadaye tulikwenda nyumbani kwangu watu wote, kukawa na mikate ya nyama, na jeli ya kijani yenye karoti, na vile viazi vya jibini tunavyoviita viazi vya msiba ingawa tunavila kwenye kila furaha. LaRue alikula sahani mbili. VaLoy alisimama karibu na jiko na koti lake amelifunga kwa mbele, na Delmont akamsimulia habari za Oklahoma mpaka kila kitu kikapoa. Jumatatu wenza waliachana kwenye uwanja wa ndege wa Salt Lake. Walipeana mikono kwanza, kwa ajili ya beji. Halafu waliacha kujali beji.

Corwin yuko Peru, mahali penye kondoo. VaLoy huja kanisani Jumapili asizokuwa na zamu ya maji shambani, huketi ukumbi wa nyuma upande wa pete, na Delmont humwekea kiti. Kahawa hajaacha, na mtu asinitumie maswali kuhusu hilo. Suti imerudi kwake.

Inabaki habari ya suruali. LaRue anadai kwamba ile kamba ilikatika wakati wa sala, na anaeleza mengi yaliyofuata, pamoja na rangi. Nami nasema hivi. Wakati wa sala, katika kanisa letu, watu wote hufumba macho. Anayedai aliona kitu, aje kwanza aieleze kata kwa nini macho yake yalikuwa wazi. Yangu yalikuwa yamefumbwa. Sina zaidi la kusema juu ya jambo hili, leo wala siku nyingine, na mkate wa zukini nitaendelea kuupeleka.